Kwa Nini Betri Huchoka? Somo Kuhusu Anodi za Matabaka



Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kuona mwanafunzi wa Masomo ya Kiislamu anaandika kuhusu betri. Wahariri waliponiomba makala ya toleo hili nilikuwa nimetayarisha mada nyingine kabisa. Jambo lililonipata mwezi wa Ramadhani ndilo lililonibadilisha nia.

Kwa ajili ya utafiti wangu wa mwaka wa tatu nilikuwa nikirekodi kwa simu mazungumzo na mzee mmoja aliyefundisha madrasa maisha yake yote. Nilikwenda kwake mara nne. Alinieleza walivyojifunza herufi kwenye mbao, akanitajia walimu wake na walimu wa walimu wake, jina kwa jina, mpaka akafika kwa watu ambao hakuna aliyeandika habari zao popote. Wiki mbili baada ya ziara ya nne akafariki. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Nikajipa moyo kwamba sauti yake ninayo.

Lakini mgongo wa simu yangu ulikuwa umeanza kuinuka kama andazi. Nilifanya nini? Niliufunga kwa mpira wa kubania karatasi nikaendelea kuitumia, na usiku nikaichaji chini ya mto. Ilipokataa kuwaka, nikaipeleka kwa fundi. Alijaribu kuibandua betri kwa bisibisi, ikatoa moshi, na ubao wa simu ukaungua. Mazungumzo matatu kati ya yale manne yalikwenda na moshi huo. La nne lilibaki kwa sababu nilikuwa nimelinakili kwenye daftari.

Mwenzangu wa chumba anasoma kemia, mwaka wa mwisho. Alinikuta nalia. Akaniambia, "Ukhti, pole sana. Lakini usimlaumu fundi peke yake. Njoo nikuonyeshe kilichomo ndani ya kile kitu ulichokuwa ukikilalia." Kwa jioni kadhaa baada ya tarawehe alinifundisha. Haya ninayoandika ni yale niliyoyaelewa, na yeye ameyasoma na kunisahihisha kabla hayajafika kwako.

Ndani ya betri kuna nini?

Betri ya simu, ya kompyuta mpakato na ya bodaboda za umeme tunazoziona siku hizi Kampala ni za jamii moja: betri za ioni za lithiamu. Ndani yake kuna pande mbili. Upande mmoja unaitwa kathodi, ambao ni unga wa madini wenye lithiamu uliopakwa juu ya karatasi nyembamba ya aluminiamu. Upande wa pili unaitwa anodi, nao umepakwa juu ya karatasi nyembamba ya shaba. Katikati kuna utando wenye vitundu, uliolowana kwa kimiminika kinachoitwa elektroliti.

Unapochaji, ioni za lithiamu hutoka kwenye kathodi, huogelea ndani ya elektroliti, hupita kwenye utando na kuingia ndani ya anodi. Elektroni haziwezi kupita njia hiyo, basi huzunguka kwa nje kupitia waya. Unapoitumia simu, safari inageuka: ioni hurudi kathodi kwa ndani, elektroni hurudi kwa nje, na katika kupita kwake nje ndiko kunakowasha kioo chako na kutoa sauti.

Kwa hiyo betri haitengenezi lithiamu wala haimalizi lithiamu kama taa inavyomaliza mafuta. Lithiamu ni ile ile iliyowekwa kiwandani, inakwenda na kurudi. Huo ndio mtaji wa betri. Kila chembe inayokwama njiani au kunaswa mahali isipoweza kurudi, ni mtaji umepungua. Shika neno hili la mtaji, kwa sababu somo zima linazunguka hapo.

Grafaiti, nyumba ya matabaka

Anodi ya betri nyingi tunazotumia ni grafaiti. Unaijua hata kama hujui kwamba unaijua: ndiyo inayochanganywa na udongo kutengeneza kiini cha penseli. Unapoandika kwa penseli, karatasi inakwangua matabaka ya grafaiti, kwa sababu matabaka hayo yameshikana kwa nguvu ndogo sana.

Fikiria chapati iliyokunjwa vizuri kabla ya kusukumwa. Ukiivuta inaachana tabaka kwa tabaka. Grafaiti iko hivyo, isipokuwa kila tabaka ni shuka ya atomu za kaboni yenye unene wa atomu moja tu, na kutoka tabaka moja hadi lingine ni nanomita 0.335. Nanomita ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Lithiamu huingia katika nafasi hiyo. Inapoingia, matabaka husogea kidogo hadi kama nanomita 0.37, kisha lithiamu inapotoka hurudi yalipokuwa. Kwa jumla grafaiti huvimba kama asilimia 10 tu. Ikijaa kabisa, kila atomu sita za kaboni hubeba lithiamu moja, na ile rangi nyeusi hugeuka ya dhahabu.

Mwenzangu aliponiambia nani alionyesha jambo hili, nilisimamisha kalamu. Mwaka 1980, katika maabara ya Grenoble, Ufaransa, Rachid Yazami alithibitisha kwamba lithiamu inaweza kuingia ndani ya grafaiti kwa umeme na kutoka tena bila kuibomoa. Elektroliti za kimiminika za wakati ule zilikuwa zikiisambaratisha grafaiti, naye akatumia elektroliti ngumu ya aina ya plastiki ili aweze kuona kinachotokea. Yazami alizaliwa Fes, Morocco. Sisi wa Masomo ya Kiislamu tunaujua mji huo kwa al-Qarawiyyin, ambayo historia inaitaja kuwa iliasisiwa mwaka 859 na kuihusisha na Fatima al-Fihri. Nilikuwa nimeandika insha nzima kuhusu Fes bila kujua kwamba mwana wa mji huo amechangia kitu nilichokibeba mfukoni kila siku.

Kampuni ya Sony ilianza kuuza betri za ioni za lithiamu mwaka 1991, mwanzoni kwa anodi ya kaboni aina ya koki, na baadaye grafaiti ikatawala. Mwaka 2014 Yazami alipewa Tuzo ya Draper ya Marekani pamoja na John Goodenough, Yoshio Nishi na Akira Yoshino. Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2019 ilikwenda kwa Goodenough, Yoshino na Stanley Whittingham.

Grafaiti ina ukomo. Gramu moja haiwezi kubeba zaidi ya miliampea-saa 372. Hicho si kiwango cha kiwanda kwamba kiwanda kingine kitafanya bora zaidi. Ni hesabu ya atomu sita kwa lithiamu moja. Ukitazama nyuma ya betri ya simu utaona mara nyingi imeandikwa 5000 mAh. Gawanya 5000 kwa 372 utapata zaidi ya gramu 13 za grafaiti, na kiwandani huwekwa zaidi kidogo kwa usalama. Ukitaka simu ikae na chaji zaidi bila kuongezeka uzito, lazima utafute kitu kingine.

Silikoni, mlaji mkubwa

Kitu hicho kinachotajwa zaidi ni silikoni. Ni elementi ya pili kwa wingi katika ganda la dunia baada ya oksijeni, na mchanga tunaojengea umejaa silikoni iliyoungana na oksijeni. Wakati grafaiti inahitaji atomu sita kubeba lithiamu moja, atomu moja ya silikoni inabeba lithiamu karibu nne. Gramu moja ya silikoni, katika joto la kawaida, inaweza kuhifadhi miliampea-saa zipatazo 3579. Hiyo ni karibu mara kumi ya grafaiti.

Niliposikia hivyo niliuliza swali ambalo naamini nawe unauliza: kwa nini basi wasiweke silikoni wakamaliza?

Jibu ni kwamba silikoni haina matabaka ya kupokea mgeni. Lithiamu inapoingia, inavunja muundo wake na kujenga mwingine, na punje inavimba mpaka karibu mara nne ya ukubwa wake. Lithiamu inapotoka, punje inanywea. Fanya hivyo kila siku. Punje zinapasuka. Vipande vinaachana na karatasi ya shaba, na kipande kisichogusa njia ya umeme ni mzigo tu, hata kama kimeshiba lithiamu.

Lipo tatizo la pili, nalo ni baya zaidi ingawa halionekani. Mara ya kwanza anodi inapochajiwa, elektroliti inayoigusa huharibika kidogo na kuacha utando mwembamba juu yake. Utando huu hula sehemu ya lithiamu, lakini ukishakamilika unakuwa mlinzi: unaruhusu ioni kupita na kuzuia elektroliti isiendelee kuharibika. Kwenye grafaiti, inayovimba asilimia 10, utando unadumu. Kwenye silikoni utando unachanika kila mzunguko kama ngozi ya ngoma iliyovutwa kupita kiasi. Sehemu mpya ya silikoni inabaki wazi, elektroliti inaharibika tena, utando mwingine unajengwa, lithiamu nyingine inaliwa. Huo ndio mtaji unaopotea.

Tupige hesabu. Tuseme kila unapochaji na kutumia, asilimia 1 ya lithiamu iliyobaki inanaswa isirudi. Asilimia 99 ni alama nzuri sana katika mtihani wowote wa chuo hiki. Lakini kwa betri, baada ya mara 100 inabaki asilimia 37 tu ya mtaji. Ukipunguza hasara iwe asilimia 0.1, baada ya mara 500 inabaki asilimia 61. Ukiifikisha asilimia 0.01, baada ya mara 500 inabaki asilimia 95, na hiyo sasa ni betri ya kuuzia mtu. Watafiti wa silikoni wanapambana na tarakimu hizi ndogo baada ya nukta.

Hapa mwenzangu alinisahihisha. Nilidhani simu yangu ilivimba kwa sababu anodi ilivimba. Hapana. Uvimbe wa mgongo wa simu ni gesi, inayotoka elektroliti inapoharibika ndani ya mfuko uliofungwa, hasa kwa joto, kwa kuchajiwa kupita kiasi au kwa uchakavu. Uvimbe wa punje za silikoni ni jambo jingine, la ndani ya kila punje.

Mseto wa matabaka

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Tunaye grafaiti: mpole, mwenye matabaka, asiyechoka upesi, lakini anabeba kidogo. Tunaye silikoni: anabeba sana, lakini anajipasua. Mseto wa matabaka ni jaribio la kuwaweka pamoja ili kila mmoja afanye analoliweza.

Namna moja ni hii. Silikoni husagwa au kutengenezwa iwe punje ndogo sana. Imeonekana kwamba punje yenye kipenyo chini ya nanomita 150 hivi huweza kuvimba bila kupasuka. Kisha punje hizo hupangwa katikati ya shuka za grafini. Grafini ni tabaka moja la grafaiti likiwa peke yake, kitu ambacho Andre Geim na Konstantin Novoselov walikitenganisha Manchester, Uingereza, mwaka 2004. Maabarani mara nyingi hutumia grafini iliyotiwa oksijeni, kwa kuwa hiyo inachanganyika na maji. Huichanganya na unga wa silikoni, mchanganyiko huchujwa, kinachobaki juu ya chujio hukauka kama karatasi nyeusi, kisha huchomwa kwenye tanuri lisilo na hewa ili oksijeni iondoke. Ukiitazama kwa hadubini ya elektroni unaona tabaka, punje, tabaka, punje.

Matabaka ya kaboni yanafanya kazi tatu. Kwanza, yanapitisha umeme, kwa hiyo hata punje ikisogea bado inagusa njia. Pili, yanakunjika, kwa hiyo punje inapovimba yanasukumwa na inaponywea yanarudi. Tatu, kama yamefunika vizuri, elektroliti inagusa kaboni badala ya kugusa silikoni moja kwa moja, na utando ule mlinzi unajengwa juu ya kitu kisichobadilika sana.

Lakini lipo sharti ambalo halimo katika kaboni wala katika silikoni, nalo ni nafasi tupu. Ukipanga punje zikabanana kabisa, siku ya kwanza ya kuchaji zitapasua kila kitu. Lazima uache uwazi ambao punje itaujaza ikivimba. Mwaka 2012 kundi la Yi Cui wa Chuo Kikuu cha Stanford lilionyesha jambo hili kwa punje za silikoni zilizokaa ndani ya maganda ya kaboni yaliyo makubwa kuliko punje, kama kiini ndani ya ganda la yai, huku pembeni pakiwa patupu. Ganda halivimbi na utando unadumu juu yake. Uwazi ukizidi nao ni hasara, kwa sababu betri inakuwa kubwa na nyepesi kama kifurushi cha bisi. Mhandisi analipia kila nafasi tupu anayoiacha.

Silikoni na kaboni si mseto wa pekee. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Philadelphia, walitangaza jamii mpya ya vitu vya matabaka inayoitwa MXene, inayotengenezwa kwa metali kama titani na kaboni, ambayo nayo hupitisha umeme na kupokea lithiamu katikati ya matabaka. Wapo wanaoichanganya na silikoni kwa njia ile ile. Kanuni haibadiliki: kibebaji kikubwa, kipitishaji chenye kukunjika, na nafasi.

Hesabu ya gramu

Nilifikiri kwamba lengo ni kufika kwenye silikoni tupu, na mseto ni hatua ya njiani tu. Mwenzangu akanichorea hesabu iliyonigeuza.

Betri ina pande mbili, na kathodi za sasa zinabeba kama miliampea-saa 180 kwa gramu. Tuseme tunataka kuhifadhi miliampea-saa 1000. Kwa kathodi unahitaji gramu 5.6. Kwa anodi ya grafaiti unahitaji gramu 2.7. Jumla ni gramu 8.3.

Badala ya grafaiti, weka mseto unaobeba 1000 kwa gramu. Sasa anodi ni gramu 1, na jumla ni gramu 6.6. Umeokoa gramu 1.7.

Weka silikoni tupu inayobeba 3579. Anodi ni gramu 0.28, na jumla ni karibu gramu 5.9. Umeokoa gramu 0.7 tu zaidi, na kwa gramu hiyo isiyotimia umejinunulia matatizo yote ya kupasuka.

Umeona? Faida kubwa inapatikana mapema, katika mseto wa kiasi. Kathodi ndiyo inayobana baada ya hapo. Ndiyo sababu watengenezaji wengi wanaanza kwa kuongeza silikoni kidogo, au silikoni yenye oksijeni, ndani ya grafaiti ya kawaida. Tangu mwaka 2023 zimeingia sokoni China simu ambazo anodi yake ni mseto wa silikoni na kaboni.

Tuipime habari kabla ya kuipokea

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walitangaza anodi ya punje za silikoni katikati ya matabaka ya grafini. Walikuwa wameona kasoro moja: shuka ya grafini ni pana mno, na ioni ya lithiamu hailazimiki tu kuogelea hadi anodi, inabidi itambae mpaka ukingoni ndipo ipate pa kuingilia. Fikiria msikiti wenye mlango mmoja baada ya swala ya Ijumaa. Suluhisho lao lilikuwa kutoboa matundu ya nanomita 10 hadi 20 katika shuka zenyewe, yaani kuongeza milango, na kuchaji kukawa kwa haraka zaidi.

Ni kazi nzuri. Lakini vyombo vya habari vilivyoieneza vilisema betri itakaa na chaji mara kumi zaidi. Sasa rudi kwenye hesabu yetu ya gramu. Hata ukipata anodi ya silikoni isiyo na dosari, huku kathodi ikibaki ile ile, uzito unashuka kutoka 8.3 hadi 5.9. Hiyo si mara kumi. Mara kumi ilihusu anodi peke yake. Sisemi watafiti walidanganya. Nasema neno lilibadilika katika kupokewa.

Sisi tunaosoma elimu ya hadithi tumezoea kuuliza: nani kapokea kwa nani, na matini inasemaje hasa? Habari za maabara nazo zina mapokezi yake. Nimejifunza kuuliza maswali manne.

La kwanza: uwezo uliotajwa ni wa gramu ya anodi au wa betri nzima?

La pili: ni baada ya mizunguko mingapi? Betri ile ya mwaka 2011 ilijaribiwa mizunguko 150. Mwanafunzi anayechaji simu kila usiku anaimaliza hiyo ndani ya miezi mitano.

La tatu: anodi ilipakwa kwa unene gani? Safu nyembamba sana hufanya vizuri karibu kila mara. Ukiipaka unene wa kiwandani, ioni zina safari ndefu na uvimbe unajumlishana.

La nne, na hili ndilo lililonifurahisha zaidi: lithiamu ilitoka wapi? Majaribio mengi ya anodi hayatumii kathodi ya kweli. Upande wa pili huwekwa kipande cha metali ya lithiamu, ambacho kina lithiamu tele kupita mahitaji. Anodi inaweza kula lithiamu kila siku na matokeo yasionyeshe, kwa kuwa upande wa pili unafidia. Ni sawa na kijana anayeonyesha kwamba duka lake halishuki, kumbe kila usiku baba yake anamjazia mtaji. Jaribio hilo lina faida yake katika kujifunza tabia ya anodi, lakini halitoshi kuhukumu kwamba betri itadumu.

Haya yanatuhusu nini sisi?

Grafaiti ipo kwetu. Ipo Orom, wilaya ya Kitgum, kaskazini mwa Uganda. Majirani zetu Tanzania wanayo Mahenge, na Msumbiji wanachimba Balama, mkoa wa Cabo Delgado. Lakini mawe yenye grafaiti si anodi. Lazima isafishwe mpaka usafi wa zaidi ya asilimia 99.9, punje zake bapa ziviringishwe ziwe kama mipira midogo, kisha zipakwe kaboni. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa sana inafanyika China. Anayeuza jawe na anayeuza anodi hawapati bei moja.

Wapo ndugu wanaosema silikoni ikija, grafaiti yetu itakosa soko. Hesabu ya leo inaonyesha vingine. Katika mseto, kaboni ya matabaka inabaki kuwa nyumba, na silikoni ni mpangaji. Wenye kujua kutengeneza nyumba hiyo watahitajika. Swali ni kama watakuwa miongoni mwetu. Jumuiya yetu ina wanafunzi wa kemia, fizikia, uhandisi na biashara, na Ijumaa tunakaa safu moja. Jioni zile za Ramadhani zilikuwa mara ya kwanza, kwa miaka mitatu, kumuuliza mwenzangu wa chumba anasoma nini hasa.

Nasaha chache

Usichaji simu chini ya mto au juu ya godoro. Joto huharakisha kuharibika kwa elektroliti. Ukiweza, usiiache asilimia 100 kwenye chaji usiku kucha kila siku.

Ukiona mgongo wa simu umeinuka, acha kuichaji na kuitumia. Usiubonyeze, usiufunge, usiutoboe. Mwambie fundi mapema kwamba betri imevimba, kabla hajashika chombo chochote chenye ncha.

Betri iliyokufa usiitupe kwenye shimo la taka linalochomwa nyuma ya hosteli.

Na ulichokirekodi, kinakili leo. Si kesho.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Kwa nini grafaiti huvimba kidogo na silikoni huvimba sana, ilhali zote hupokea lithiamu?

2. Rudia hesabu ya gramu kwa kathodi inayobeba miliampea-saa 220 kwa gramu. Je, faida ya silikoni tupu juu ya mseto inaongezeka au inapungua?

3. Tafuteni habari moja ya "betri mpya ya ajabu" iliyosambazwa katika makundi yenu ya WhatsApp. Ipimeni kwa yale maswali manne, kisha mseme ni lipi halikujibiwa.

Baada ya Idi nilikwenda nyumbani kwa marehemu mzee kutoa taazia kwa mara ya pili na kuwaeleza yaliyotokea. Mjukuu wake alinisikiliza, akaingia ndani, akatoka na kijidaftari alichokuwa akiandika majina ambayo babu yake alipenda kuyataja. Baadhi yamo katika daftari langu, baadhi sikuwahi kuyasikia, na mengine niliyosimuliwa hayamo kwake. Tumeanza kuyalinganisha. Tunaandika kwa kalamu, kisha tunapiga picha, na kila nakala inakaa mahali patatu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.